Prosesa ya saa janja na vihisi vidogo: ipi ya kwanza, ipi uiache

Kabla ya kuulizia megahezi, yaani kasi ya chipu, uliza chipu inakula umeme kiasi gani ikiwa imelala. Saa janja au kihisi cha joto hushinda kimelala; huamka, hupima, hutuma, kisha hulala tena. Chukua betri ya kidonge ya CR2032, yenye takriban mAh 220 (miliampea-saa, kipimo cha chaji ya betri). Kwa wastani wa maikroampea 10, kwenye karatasi inafika miaka miwili na nusu. Kwa miliampea 1, siku tisa tu.

Namba moja kwangu ni nRF52840 ya Nordic. Ina kiini cha Cortex-M4 cha megahezi 64, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya kilobaiti 256 na Bluetooth humohumo ndani. Ikituma kwa nguvu ya 0 dBm (miliwati 1), kwa volti 3, redio yake hula karibu miliampea 5 tu, mzigo ambao betri ya kidonge inaumudu. Mfuko ukibana, nduguye nRF52832 anatosha, ila RAM inashuka hadi kilobaiti 64. Ndiyo iliyomo kwenye saa ya PineTime, ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, kwa hiyo mifano ya kusoma ipo tele.

Ya pili, Apollo3 Blue ya Ambiq. Kwa ukokotoaji mtupu inaishinda Nordic: kampuni inataja maikroampea 6 kwa kila megahezi, maana transista zake huendeshwa kwa volteji ya chini mno. Kilichoishusha ni upweke. Ukikwama, wa kumuuliza ni wachache.

Huhitaji redio? Ya tatu, STM32L4 ya STMicroelectronics, yamekwisha.

ESP32-C3 ya Espressif ni ya nne, na hapa wengi hudanganyika. Usingizini hula maikroampea 5, safi kabisa. Lakini Wi-Fi ikianza kutuma, mkondo unaweza kupita miliampea 300, na betri ya kidonge inazimia hapohapo. Iwekee betri ya lithiamu ya kuchaji.

RP2040 ya Raspberry Pi ni nzuri ya kujifunzia, si ya kuvaa mkononi. Bodi yake ya Pico, hata ikilala, inacheza karibu na miliampea 1, na hizo siku tisa umeshaziona.

Ukinunua bodi ya majaribio, kagua taa ya umeme na regyuleta (sehemu inayodhibiti volteji), kwani mara nyingi hula kuliko chipu yenyewe. Bodi ya majaribio ya Nordic, nRF52840 DK, ina pini za kupimia mkondo wa chipu peke yake. Nyingine itabidi uing'oe taa kwa chuma cha kulehemu ndipo upime.