Kanga ya bibi: sindano au jua?
Kanga ya bibi imechakaa pindo, jina lake limebaki nusu. Naweza kuidarizi: uzi mwekundu ufuate herufi zilizofifia, na kila mchomo unikumbushe alivyoifunga kwenda soko la Mbuyuni. Kazi ya wiki nzima, lakini ukimaliza unaifua bila hofu, mradi uzi hauchuji.

Au sianotaipu, njia ya kuchapa picha kwa jua, aliyoigundua mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842. Unapaka kitambaa cha pamba dawa yenye chumvi za chuma, kwenye mwanga hafifu, unalaza negativu (picha angavu ambayo weusi na weupe wake umegeuzwa) juu, unaanika juani, unasuuza; picha inatoka buluu. Hapa Moshi, mawingu yakitanda, utasubiri. Tena sabuni yenye magadi huila buluu hiyo.

Nimeshika sindano. Jua nimeliachia picha ya babu, maana ya ukutani haifuliwi.