Kielelezo cha Jua, Dunia na Mwezi: majira kinayajua, enzi za barafu bado

Kielelezo hiki cha kuzungushwa kwa mkono kina taa katikati, mkono wa plastiki wa sentimita 25, na kwenye ncha yake Dunia yenye kipenyo cha sentimita 10. Kwa kuonyesha usiku na mchana, majira, na mwezi kuandama, mwalimu wa Lamu hatapata kitu bora kwa darasa lisilo na projekta. Lakini kijitabu chake kinaahidi zaidi: eti kitaeleza pia kwa nini enzi za barafu, yaani nyakati ambapo barafu hufunika sehemu kubwa za nchi kavu, huja na kuondoka, na bahari ikapanda na kushuka. Kama kinavyotoka kwenye boksi, hakiwezi. Kikifanyiwa ufundi wa nusu saa, kinaweza nusu ya kazi hiyo.

Kabla ya yote, kagua mkanda. Ndani ya mkono kuna mkanda wa mpira unaounganisha kapi la katikati, ambalo halizunguki, na kapi la chini ya Dunia. Makapi hayo mawili yana ukubwa mmoja, na ndiyo yanayofanya mhimili wa Dunia uelekee upande uleule mwaka mzima. Mkanda ukilegea, na kwa joto la hapa utalegea tu, Dunia huburutwa na mkono: ncha ya kaskazini hulitazama Jua miezi yote kumi na miwili, na majira yanapotea. Elekeza ncha ya mhimili mlangoni, zungusha mkono mara kumi, kisha angalia. Ikiwa bado yautazama mlango, mkanda ni mzima. Ikiwa imehama, badilisha mkanda. Kuupaka gundi kunaufanya uteleze zaidi.

Kasoro kubwa iko kwenye njia ya Dunia. Taa imekaa katikati kabisa na mkono haurefuki wala haufupiki, kwa hiyo umbali haubadiliki. Dunia yenyewe huwa kilomita milioni 147 kutoka kwa Jua mwanzoni mwa Januari, na milioni 152 mwanzoni mwa Julai. Wapo wanaosahihisha kwa kuchora duaradufu ndefu kama yai ubaoni, na hapo ndipo wanapoharibu kabisa. Njia ya Dunia ni karibu duara. Ni Jua ndilo lisilokaa katikati. Kwa mkono huu, Jua la leo linatakiwa lihamishwe milimita 4 tu. Mhamo huo hukua na kupungua kwa mizunguko ya takriban miaka 100,000 na 400,000, na kuna nyakati hufika kiasi cha milimita 12.5, hata kupita kidogo.

Basi fungua skrubu mbili za taa na uiweke kando. Kata plaiwudi ya sentimita 10 kwa 3, itoboe katikati, ibane juu ya kapi lisilozunguka, kisha weka alama ya milimita 4 na ya milimita 12.5. Simamisha balbu ndogo ya LED kwenye alama, upande wa Januari. Pima mwanga mahali pa Dunia kwa programu ya simu, Januari na Julai. Kwenye alama ya kwanza tofauti ni kama asilimia 7, na simu nyingi hazitaiona vizuri. Kwenye ya pili ni asilimia 22, hiyo haifichiki. Namba zikikataa, laumu ukuta: kuta zetu za chokaa hurudisha mwanga kwenye simu. Tundika kaniki nyuma ya meza.

Kipande hicho cha plaiwudi kina faida ya pili. Kizungushe taratibu mpaka balbu iwe upande wa Julai, na umerudi nyuma miaka kama 11,000, wakati Dunia ilipokuwa karibu na Jua katika kiangazi cha kaskazini. Mhimili huyumba kama pia ya watoto kwa miaka ipatayo 26,000, lakini njia yenyewe nayo inageuka, hivyo miezi na umbali hukutana tena mapema zaidi, kwa miaka kati ya 19,000 na 23,000. Kijitabu kinataja 26,000 peke yake. Mwanafunzi akiitumia kuhesabu enzi za barafu atakosea.

Mwinamo wa mhimili wa Dunia umefungwa kwenye digrii 23.5. Wa kweli hucheza kati ya 22.1 na 24.5 kwa miaka 41,000, na sasa unapungua. Sindano ya sentimita 12 iliyo mhimili ikipindwa toka kikomo kimoja hadi kingine, ncha yake husogea milimita 5 tu. Tumia protrakta, usikisie kwa jicho, na pasha moto kishikio cha plastiki kwa maji ya moto kabla ya kupinda. Kikiwa baridi huvunjika shingoni. Kwa kalamu ya wino chora duara sentimita 2.2 kutoka Ncha ya Kaskazini. Hiyo ni latitudo 65, penye nchi kavu nyingi ya kubeba barafu. Lamu, kwa anayeitafuta, iko milimita 2 chini ya ikweta.

Kosa linalokera kuliko yote limo kwenye maelezo ya kijitabu: kwamba enzi ya barafu huletwa na majira ya baridi kali. Mwanasayansi Mskochi James Croll alifikiri hivyo katika karne ya 19, akahesabu majira ya baridi. Milutin Milanković, Mserbia, kwa ushauri wa mtaalamu wa hali ya hewa Wladimir Köppen, akageukia kiangazi. Muuza samaki wa Lamu hahitaji kuelezwa mara mbili: barafu ya kwenye sanduku haimalizwi na usiku, humalizwa na jua la mchana. Kaskazini mwa mbali theluji huanguka kila mwaka. Swali ni kama kiangazi kitaiyeyusha yote. Kisipoimaliza, ya mwaka ujao hulala juu yake, weupe wake ukarudisha mwanga angani, na baridi ikazidi.

Sasa kielelezo kipange hivi: mwinamo 22.1, balbu kwenye milimita 12.5 upande wa Desemba. Duara la latitudo 65 litapata Juni dhaifu kabisa. Hicho ndicho kiangazi cha kuanzisha barafu. Leo pia Dunia iko mbali na Jua wakati wa Juni, ila milimita 4 ni kidogo.

Kinachoshindikana kabisa ni muda. Ukizungusha mwaka mmoja kwa sekunde 5, mzunguko mmoja wa mwinamo utakuchukua saa 57. Wala hakuna sehemu ya kuonyesha hewa ya kaboni (kaboni dioksidi), iliyopanda na kushuka kati ya sehemu kama 180 na 280 kwa milioni pamoja na barafu na kuikuza kazi ya Jua. Bila hiyo hesabu haitimii, kwani mzunguko wa miaka 100,000 hubadilisha joto la mwaka mzima kwa kiasi kidogo mno, ilhali ndio unaoonekana zaidi katika miaka laki kadhaa iliyopita. Mwaka 1976 wanasayansi Hays, Imbrie na Shackleton waliisoma mizunguko yote mitatu, ya njia, ya mwinamo na ya kuyumba, kwenye matope ya sakafu ya Bahari ya Hindi upande wa kusini. Kijitabu hakiwataji.

Kwa upande wa bahari, kiache kielelezo mezani na uchukue kamba ya mita 12, kila sentimita 10 ikiwa mita moja. Bamvua la Lamu, toka maji kupwa hadi kujaa, ni kama sentimita 30. Miaka 21,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita 120 au zaidi: kamba nzima. Maji yalikuwa yamelala kama barafu juu ya nchi kavu, sehemu nyingine unene wa kilomita 3, na Lamu, Manda na Pate zilikuwa vilima vya bara. Kwa upande wa juu funga fundo kwenye sentimita 60 na jingine kwenye 90. Hapo ndipo bahari ilipofika miaka takriban 125,000 iliyopita, mita 6 hadi 9 juu ya leo. Matumbawe ya zama za bahari kuwa juu namna hiyo ndiyo yaliyobaki nchi kavu kama mwamba wa pwani yetu. Mwoneshe mwanafunzi jiwe la Manda lililojengea nyumba za mji, atafute vijitundu vya nyota vya tumbawe kwa kioo cha kukuzia. Jiwe hilo linafundisha kuliko ukurasa wowote wa kijitabu.

Tahadhari moja ya darasani: baada ya somo hili kuna atakayesema kupanda kwa bahari kwa sasa nako ni mzunguko. Mpe hesabu. Toka miaka 21,000 hadi 7,000 iliyopita bahari ilipanda kwa wastani wa milimita 8 au 9 kwa mwaka kwa sababu barafu ya mabara ilikuwa inayeyuka. Leo mwinamo unapungua na Juni iko mbali na Jua, mambo yanayosukuma kuelekea baridi. Hata hivyo setilaiti tangu 1993 zinaonyesha bahari ikipanda zaidi ya milimita 3 kwa mwaka, na hewa ya kaboni imepita sehemu 420 kwa milioni.

Lipo toleo la mota. Liache: makapi yake yamefungwa ndani, mkanda haubadiliki, na plaiwudi haina pa kukaa. Chukua la mkono, omba mikanda miwili ya akiba, na kabla ya likizo toa betri. Hewa ya chumvi hula vishikizo vyake muhula mmoja tu.