Chumba cha ushauri ghorofani, juu ya duka la fundi simu, Malindi: nyota nne, ya tano nimeizuia

Mimi ni fundi cherehani hapa Malindi, mwaka wa 19 huu. Kanzu, dera, sare za shule. Suruali ya mtoto ikiletwa imechanika simwulizi kitu, naigeuza tu ndani nje. Ikiwa imeachia kwenye mshono wa nyuma, mtoto amenenepa au ameruka ua. Ikinaswa na msumari wa dawati huchanika pembe tatu, kama kona ya bahasha. Lakini kitambaa kizima kikipasuka kutoka kiunoni kwenda chini, na vitanzi viwili vya mkanda vikang'oka na nyuzi zake, hapo pana mikono, tena si ya mtu mmoja.

Suruali hiyo ilikuwa ya mtoto wa kaka yangu. Wakati huo ana miaka 15, kidato cha pili, shule ya bweni ambayo sitaitaja. Wazazi wake wako Doha kikazi, kwa hiyo sare, nauli na homa zake ni juu yangu. Alikuja mapumziko ya katikati ya muhula, mwisho wa Juni. Nikamwuliza suruali imekuwaje. "Nilianguka, shangazi." Sikumjibu, nikachukua shati. Nikaikunjua kola nitazame kama imekwisha, na kwa nyuma, pale ambapo mtu akikuinua kola anapaona lakini wewe mwenyewe huwezi kupaona, pameandikwa kwa biro ya bluu, herufi kubwa: SHOGA.

Neno hili nalisikia mara hamsini kwa siku dukani kwangu. "Shoga, hii lasi utaniwekea mikononi au pindoni?" Wateja wangu wananiita shoga nami nawaita shoga, kwetu huyo ni mwenzio wa kike, unayemwazima sukari na kumwachia siri zako. Mwanamume wa kwetu akiitwa hivyo ni jambo jingine kabisa, na kila mtoto wa Malindi anajua tofauti hiyo kabla hajaota meno ya pili. Nilikaa na kile kiwembe changu cha kufumulia mkononi. Uzi mbaya naufumua kwa dakika mbili. Biro haifumuliwi.

Basi hii ni tathmini ya mahali nilipompeleka, kwa shangazi mwingine au mama atakayekuta kitu kama hicho kwenye nguo za kufua.

Nilielekezwa na mteja, ambaye alininong'oneza ingawa dukani tulikuwa wawili tu. Ni mtaa wa nyuma ya soko, ghorofa ya kwanza, chini yake kuna fundi simu. Kibao kimeandikwa "Ushauri Nasaha", basi, hakuna jina. Ngazi kumi na nne hazina pa kushika. Bibi mwenye magoti mabovu asijaribu. Ukifika juu kuna viti viwili vya plastiki kibarazani, vinatazama barabara, na kila tuktuk inayopita dereva anainua macho. Kusi linavuma, vumbi lote la mtaa linakupanda. Mimi niliteremsha ukaya wangu hadi puani. Kijana niliyekuja naye hana ukaya. Alikaa dakika arobaini amegeuzia barabara mgongo, maana mwenye chumba alichelewa dakika arobaini. Hilo liandikwe. Watu wanaokuja pale wamejikaza kuja, dakika arobaini ni muda wa kutosha wa mtu kubadili nia.

Mwenyewe ni mama wa Kigiriama, mwalimu mstaafu, sauti ndogo, kanga begani. Wote wanamwita Mwalimu. Mara ya kwanza ni shilingi 1,500 kwa saa nzima, zinazofuata 1,000. Kwa hesabu ya cherehani hizo ni dera kadhaa, na dera zenyewe zinalipwa kwa ahadi. Mara ya tatu ndipo nikasikia, tena kwa mama mwingine pale kibarazani, kwamba asiye nacho hulipa alicho nacho. Halijaandikwa popote. Mwalimu, kama utasoma haya, bandika karatasi.

Tulikaa naye pamoja dakika tano, kisha akaniomba nitoke. Nikamwambia huyu ni mtoto wangu na fedha ni zangu. Akasema, "Mama, atakachotaka ukisikie utakisikia." Nikatoka. Kutoka kibarazani, kwa kuwa mlango wake ni wa mbao nyembamba, unasikia sauti bila maneno, na redio ya fundi simu inakusaidia kutosikia zaidi. Niliporudi ndani nilikuta mezani karatasi ya fulskapu, na juu yake wamechora bweni. Vitanda, mlango, bomba la maji, njia ya kwenda bafuni, na misalaba ya kalamu nyekundu. Misalaba mitatu iko kwenye njia ya bafuni, mmoja karibu na bomba. Pembeni ameandika saa: kabla ya alfajiri, na zile dakika ishirini baada ya prepu, masomo yao ya usiku, walimu wameshaondoka na taa hazijazimwa.

Mimi sikwenda pale kuangalia ramani. Nilikuwa na swali moja, na mtoto alipotoka kwenda kununua maji nikaliuliza. Mwalimu, niambie ukweli, huyu mtoto yuko hivyo wanavyosema?

Akasema, "Sijamwuliza. Na waliomchania suruali nao hawakumwuliza."

Nilikasirika, sitaficha. Nilirudi nyumbani nahesabu 1,500 zangu. Nilitaka jibu, nimepewa mchoro. Usiku nikawa nafikiria: angeniambia ndiyo, ningefanyaje? Angeniambia hapana, kola ingejifuta? Mimi ni Muislamu, najua dini yangu inasema nini, na yule mama hata siku moja hakunitaka niibadilishe. Lakini sijui aya inayowaruhusu wavulana wanne kumvua mwenzao nguo bafuni na kumtembeza bwenini "atembee kama mke" huku wengine wakipiga makofi. Hayo aliniambia mtoto mwenyewe, siku ya pili yake, amekaa chini karibu na miguu ya cherehani, akiokota vipande vya kitambaa asiniangalie. Mwalimu hakuniambia. Alinituma tu nishone, nisimuulize, nimwache akae.

Kombe pia nilimnywesha, yale maji ya aya za Kurani, jirani alishikilia. Halikumdhuru. Ila kombe haliwezi kulala bwenini badala yake.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, maana hapo ndipo fedha yangu ilipokwenda. La kwanza aliloniambia ni kuhusu shati: usilifue. Suruali nilikuwa nimeshaifua na kuishona, fundi hajizuii. Shati alinitaka niling'oe kola, niitie kwenye bahasha, niandike tarehe nje. La pili, daftari: kila tukio, siku, saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, nani alikuwapo. Mtoto aliandika kurasa sita. La tatu, barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa bodi ya shule na kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Barua hiyo aliiandika kwa Kiingereza kizito mpaka nikasaini kitu ambacho nusu yake sikukielewa. Nilimwambia, na ya pili akaandika kwa Kiswahili. Nilimsifu kwa hilo, lakini ilibidi nilalamike kwanza.

Nilimuuliza kama sheria ya nchi haiko upande wa wale wavulana. Akaniambia vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya adhabu ya Kenya, vinavyokataza ngono ya wanaume kwa wanaume, vipo, Mahakama Kuu iliviacha vilivyo Mei 2019, lakini vinahusu vitendo. Hakuna kifungu kinachomshtaki mtoto kwa sauti yake au kwa anavyoshika kalamu. Kisha akafungua Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Jina lisikudanganye, sekondari imo. Kifungu cha 36 kinakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kimwili au kiakili, na faini inafika shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Akanipigia mstari kwa penseli, nikaondoka na nakala.

Alikuja nami shuleni. Kwa safari hiyo alinitoza 2,000 na nauli, na naona ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka ule. Tulipokewa na naibu wa mwalimu mkuu, mtu mwenye adabu, chai ikaletwa. Akaanza kwa kusema wavulana hutaniana. Mwalimu akanigusa kiwiko, nikatoa bahasha, nikaiweka kola juu ya meza kati ya vikombe. Naibu aliitazama muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo Mwalimu alikuwa ameshaniambia njiani kwamba litasemwa: kwamba hata waziri alishasema watoto wa namna hiyo waende shule za kutwa, wawe karibu na nyumbani. Kweli marehemu Profesa Magoha alisema hivyo mwishoni mwa 2021, akiwa waziri wa elimu, na Januari yake kukawa na maandamano Nairobi ya kumpinga. Mwalimu akamwambia, taratibu kabisa, kwamba maneno ya waziri mbele ya maikrofoni si sheria, na kifungu cha 36 ni sheria. "Na mtoto huyu hajasema yeye ni wa namna gani. Sasa aliyechaniwa nguo ahame, waliochana wabaki na kitanda chake?"

Naibu akageuka upande wa pili: atawaita wale wanne awatandike mbele ya paredi. Nikafurahi, nitasema kweli, mkono wangu mwenyewe ulikuwa unawasha. Mwalimu akakataa mara mbili. Fimbo imekatazwa na kifungu kilekile, na paredi ingemtangaza mtoto kwa shule nzima kabla ya saa nne ya chai. Usiku wangerudi bweni lilelile, na yeye ndiye angelipa. Akatoa ule mchoro wenye misalaba. Akaomba mambo madogo: mwalimu wa zamu abaki bwenini zile dakika ishirini za baada ya prepu, taa ya njia ya bafuni itengenezwe, kitanda kihamishiwe karibu na chumba cha kapteni, wazazi wa wale wanne waitwe ofisini mmoja mmoja. Taa! Mimi nimekuja na sheria na kola, yeye anazungumza habari ya balbu. Balbu iliwekwa wiki ileile. Wazazi walikuja watatu. Wa nne hajaonekana hadi leo.

Alimpa mtoto pia namba 116, ya msaada kwa watoto, haitozwi na ipo usiku na mchana. Na kuhusu baba yake wa Doha, alimwachia mtoto mwenyewe aamue aambiwe nini. Akaamua aambiwe habari ya suruali, kola hapana. Basi Ijumaa hiyo kaka yangu alipopiga nikamwambia suruali, nikaishia hapo. Si kazi nyepesi kwa mtu wa mdomo kama wangu.

Je, kuonewa kumekwisha? Maneno bado yapo. Kuna mmoja humwita kwa kupiga mluzi. Lakini hakuvuliwa tena nguo, na prepu anakwenda.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu hii. Agosti, shule zimefungwa, watoto wa bweni wote wako nyumbani, nikapanda zile ngazi kumi na nne nikakuta kufuli. Mwalimu huenda kwao mashambani mwezi mzima, na Desemba vilevile. Nimemwambia ni sawa na mimi kufunga duka wiki ya kuamkia Idi. Alicheka, akasema atafikiria. Fundi simu wa chini ana namba yake ya simu, mwombeni, na mwende asubuhi saa tatu, kabla jua halijafika kwenye vile viti.

Novemba mtoto alifunga shule akaniletea suruali nyingine imechanika, gotini. Aliitupa juu ya cherehani akaenda zake jikoni kutafuta mahamri. Niliigeuza ndani nje, nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Pembe tatu. Msumari wa dawati.