Morgan 1881-S ya MS-64: nimekaa nayo wiki tatu, haya ndo maoni yangu

Wadau wa sarafu habarini, hii dola ya fedha niliinunua kwenye maonesho ya sarafu huku Marekani ninakoishi, Morgan (aina ya dola ya fedha ya zamani ya Marekani) ya 1881 yenye herufi S ya kiwanda cha San Francisco, iko ndani ya kasha la PCGS, kampuni inayopima ubora wa sarafu, imeandikwa MS-64 (MS ni Mint State, yaani haijatumika), nimelipa dola 105, na kwa vile watu kadhaa wameniuliza inbox kama hizo namba zina maana ama ni biashara tu, nimeona niandike.

Zina maana sana. Kipimo kinaenda 1 mpaka 70, kilianza na William Sheldon mwaka 1949, na kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijawahi kutumika sokoni. Sasa wengi wanadhani isiyotumika lazima iwe haina doa, hapana jamani, hizi dola zilipotoka kiwandani zilijazwa kwenye magunia, gunia moja sarafu 1,000, karibu kilo 27, zikaburutwa zikagongana zenyewe kwa zenyewe na nyingine zikakaa kwenye maghala ya Hazina mpaka miaka ya 1960, kwa hiyo hata ambayo haijawahi kununua mkate inaweza kuwa na makovu.

Mimi naanzia shavuni. Shavu la yule mwanamke wa Uhuru aliyechorwa upande wa mbele ni pana na halina pambo lolote, kila mkwaruzo unaonekana, na yangu ina miwili midogo hapo na mmoja mbele ya pua, nadhani ndo iliyoinyima 65. Ila mng'ao wake!! Ukiigeuza taratibu chini ya taa moja, mwanga unazunguka kama spoku za baiskeli, haukatiki popote, na nywele juu ya sikio zimetoka vizuri kabisa na manyoya ya kifua cha tai wa upande wa nyuma unayaona yote. San Francisco ya miaka hiyo walikuwa wanagonga chapa kwa nguvu kwelikweli.

Siku hiyohiyo mezani kulikuwa na 1892-O ya New Orleans, nayo MS-64, na kifua cha tai kilikuwa flati kabisa. Hapa ndo watu wanapotea, wanaona flati wanasema imechakaa. Angalia mng'ao, kama umepita mpaka juu ya ile sehemu flati basi iligongwa kwa ulegevu tu tangu kiwandani, kama sehemu zilizoinuka zimefifia zina ukijivu basi imesuguliwa na mikono ya watu na hiyo ni AU-58 kushuka chini (AU ni ile iliyotumika kidogo tu), haiingii kundi hili la MS hata ikiwa na mikwaruzo michache kuliko MS-60. Kwa hiyo namba ni ileile lakini sarafu mbili tofauti kabisa, na mimi ningechukua yangu mara kumi.

Na za kung'arishwa ziogopeni. Miaka ya nyuma duka moja liliniuzia dola isiyo na kasha wakaniambia mpya kabisa, inawaka, ila ule mwanga hauzunguki, umelala tu, na ukikaza macho kuna vimistari vyembamba vinaelekea upande mmoja. Nikaipeleka kupimwa ikarudi bila namba, imeandikwa imesafishwa. Iliniuma sana.

Bei naona ni ya haki, ziligongwa zaidi ya milioni 12 mwaka huo na nyingi zimebaki nzuri, ndo maana kwa anayeanza naipendekeza hii, kwa miaka adimu kama 1889-CC (CC ni kiwanda cha Carson City) tofauti ya 64 na 65 ni hela ya kununulia gari. (Mliozoea riale za Maria Theresa za pwani, zile zote zimeandikwa 1780 hata zilizogongwa baadaye sana, huku mwaka na herufi ya kiwanda vinabeba bei.)

Naipa 9 kwa 10. Sasa natafuta 1880-S ya kuweka pembeni yake, mwenye nayo anitumie picha ya shavu kwanza.