Daraja la ngazi la kima: lafaa barabara za Gede na Watamu?

Daraja hili, yaani ngazi iliyotundikwa juu ya barabara kutoka mti hadi mti ili wanyama wavuke bila kugongwa, lafaa sana, lakini ni la kima na tumbili, si la kila mnyama, na halidumu kama wenye miti ya pande zote mbili hawajakubali. Mtaa unaotaka kuchangishana na kutengenezesha daraja uyajue hayo mawili kabla ya kumlipa fundi.

Umbo hili lilipata sifa Diani, Kwale. Wakazi wa kule walichoshwa na kuona mbega wakigongwa na magari, na mwaka 1997 ikaanzishwa Colobus Conservation, ambayo madaraja yake yamekatiza juu ya barabara ya Diani. Huku Malindi mbega hatuna. Tuna kima, wale wa magofu ya Gede, tuna tumbili, na usiku komba. Kima na tumbili wa Diani huyapita madaraja hayo bila shida. Nyani ndio wanaopenda kushuka wakavuka chini.

Mafundi hutengeneza aina mbili. Ya kwanza ni kamba moja nene. Ni rahisi, na hatuipendekezi. Ya katani huoza baada ya masika mawili matatu, ya nailoni huliwa na jua na kurefuka, ikining'inia hadi ikaguswa na lori la makuti. Tena kamba moja huzunguka mnyama akiikanyaga, na jike aliyebeba mtoto hugeuka akarudi. Lipieni ngazi.

Kwa nafasi ya mita 15 kutoka mti hadi mti, ngazi nzuri hutaka waya wa chuma uliosukwa na kupakwa zinki, unene milimita 8, mita 42: nyuzi mbili za mita 21, ili zibaki mita 3 kila upande za kuzungushia mti. Vipago, yaani vijiti vya kukanyagia, ni paipu za plastiki za inchi moja, zikatwe sentimita 30, kipago kimoja kila sentimita 25. Hivyo ni vipago 60, na paipu tatu za mita 6 zinatosha kabisa. Kila kipago kitobolewe matundu mawili ya milimita 10, waya upite ndani. Kati ya kipago na kipago ingizeni kipande cha mpira wa kumwagilia maji wa nusu inchi. Rola moja ya mita 30 inatosha. Fundi asiuache mpira huo kwa kubana matumizi. Ndio unaozuia vipago visiteleze vikarundikana katikati, na ndio unaokinga nyayo na chuma kilichochomwa na jua la saa saba.

Miisho ndiyo hulegea. Kila mwisho wa kila uzi uwe na vibano vya waya vitatu, jumla 12. Kile chuma cha kibano chenye umbo la U kikae juu ya ncha fupi iliyokunjwa kurudi, na kitako chenye meno kishike waya mrefu unaobeba uzito. Wengi hukipindua, waya unachubuka, na siku ya upepo mkali unachomoka. Waya usifungwe kwenye ganda tupu pia. Tangulizeni mkanda wa tairi kuukuu, na mlegeze fundo kadiri mti unavyonenepa, la sivyo mti hunyongwa na tawi hukauka.

Mwarobaini mkubwa, mwembe na mkorosho ni miti mizuri. Mnazi haufai: hauna matawi, na wakati wa kusi hupepea mno. Kwa sababu hiyo hiyo msiukaze waya ukawa kama uzi wa gita. Acheni ubonyee sentimita 30 hadi 40 katikati. Hapo palipobonyea pawe mita 6 au zaidi kutoka lami. Ncha za ngazi ziingie ndani ya majani, kwa kuwa daraja lililofungwa kwenye nguzo tupu kima hupita chini yake. Penye nyaya za umeme zilizo wazi, hamieni kwingine au waiteni watu wa umeme wakate matawi, msipande wenyewe.

Mahali hapachaguliwi kwa kukisia. Vijana wa bodaboda hukaa stejini kutwa, kwa hiyo wapewe daftari la kuandika wanyama waliogongwa: tarehe, mnyama gani, mbele ya nguzo au duka gani. Wahesabu pia wanaovuka wakiwa hai, saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 10 hadi 12 jioni. Miezi mitatu ya kuandika huonyesha njia yao ilipo. Kisha iandikwe karatasi ya makubaliano na wenye miti, kwani shoka moja tu huua daraja zima, na maombi yaende KWS, shirika la wanyamapori, na kwa mamlaka ya barabara. Barabara ya Mombasa–Malindi iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu.

Upungufu mkubwa wa bidhaa hii uko upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Sange wa kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, na paa nunga, paa mdogo wa msituni, hutembea ardhini, ngazi haiwasaidii chochote. Hao huokolewa na magari kupunguza mwendo. Gari la kilomita 80 kwa saa hukimbia mita 33 katika sekunde moja na nusu ambayo dereva bado hajagusa breki. Kwa 50 ni mita 21. Hapo ombeni matuta na vibao, na sacco za matatu ziingizwe kwenye kamati tangu siku ya kwanza. Abiria nao waambiwe wasitupe maganda ya ndizi na vigunzi dirishani, maana kima aliyezoea kuokota barabarani hata daraja halitamani. Mzoga uondolewe upesi, nguchiro na kunguru wasije wakagongwa juu yake.

Msilihukumu daraja kwa wiki mbili. Likaguliwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya kusi na baada ya mvua: kutu ya chumvi, vibano, vipago vilivyopasuka. Katika mchango wa kwanza nunueni vipago kumi vya akiba na vibano vinne, vikae dukani kwa jirani aliye karibu na mti.