Kituo cha afya cha kata yetu: nenda, ila jua saa ya kwenda

Naandika kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wewe uliyehamia huku kwetu Morogoro juzi juzi, unataka kujua mtoto akichemka usiku unakimbilia wapi. Wa pili ni mzazi mwenye kijana chuo cha afya, sa hivi anahangaika kumtafutia sehemu ya fildi. Jina la kituo silitaji maana kuna mambo nitasema siyo mazuri na sitaki mtu apigiwe simu na wakubwa wake, wa kata hii mtakijua tu hata nisiposema.

Niwaambie kabisa, kwa mambo ya kila siku kile kituo ni kizuri kuliko dispensari zote za binafsi zilizopo stendi, na mi nimezunguka zote. Majengo mazuri yapo mengi nchi hii. Ule mpango wa MMAM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, wa 2007 hadi 2017 ulisema kila kijiji zahanati, kila kata kituo cha afya, majengo yakasimama sehemu nyingi, ila ukiingia ndani unakuta nesi mmoja na paka. Hiki cha kwetu kinabebwa na watu, na nusu ya hao watu wala hawana mshahara, nitafika huko.

Asubuhi ndo saa yake. Ukifika saa moja na nusu mapokezi pameshafunguliwa, wanaingiza jina kwenye kompyuta, ule mfumo wa GoTHOMIS, unapewa kontrol namba unalipia kwenye simu, hamna mtu wa kumpa hela mkononi na hilo peke yake limepunguza maneno mengi sana. Tatizo umeme ukikatika, hapo wanarudi kwenye daftari na foleni inalala, afu umeme ukirudi wanaanza kuingiza wale wa daftari kwanza na nyie mliopo benchi mnatazamana. Ukija saa tano umekwisha, utaonana na tabibu saa nane na maabara wanakuwa wameshachoka, wanajibu kwa mkato.

Sasa ngoja niwape kitu nilichokiona kwa macho yangu, maana hiki ndo kilinifanya nikiamini kile kituo. Nilimpeleka mtoto wa mdogo wangu, ana mwaka na miezi kadhaa, kikohozi na joto. Chumbani tulimkuta binti wa fildi, mdogo kabisa, kanisalimia shikamoo mama kabla hata sijakaa, na nyuma yake yupo tabibu anaandika mambo yake. Kapima malaria kwa kile kipimo cha haraka, tone la damu kidoleni, akaweka dawa ya kwenye kichupa, tukasubiri kama robo saa, mstari mmoja, hamna malaria. Mi nikajua tushamaliza hapo, tunapewa dawa ya homa twende zetu. Yule binti akamfunua shati mtoto akaweka simu mezani akaanza kuhesabu anavyopumua, mtoto analia anajinyonganyonga, akaacha akaandika. Tabibu bila hata kugeuka akauliza, "Umehesabu dakika nzima?" Binti akasema nusu, nimezidisha mara mbili. "Mpe mama amnyonyeshe au amtulize, anza upya, dakika nzima."

Tukamtuliza, mi nimembeba begani nazunguka naye humo chumbani, akatulia, binti akahesabu tena dakika nzima, ikaja 46. Tabibu akamuuliza huyu wa zaidi ya mwaka mwisho wake ngapi, binti akasema ikifika 40 ni pumzi za haraka, na wa miezi miwili hadi mwaka je, akasema 50. Basi nimonia hiyo. Tukapewa amoksilini ile ya kuyeyusha kwenye maji, na akanifanya niyeyushe cha kwanza palepale mbele yake kwenye kijiko, nikampa mtoto, ndo nikaruhusiwa kuondoka. Hamna dripu, hamna sindano tano, hamna vipimo vya elfu hamsini. Huko stendi ungelazwa na mashine ya dripu ukutani afu pumzi za mtoto hazijahesabiwa na mtu.

Na ndo maana nawaambia wazazi wenye vijana wa fildi. Hospitali kubwa jina zuri, ila kule kuna wa digrii, wa diploma, mainteni yaani madaktari wa mafunzo kazini, wote wamezunguka kitanda kimoja, mwanao wa diploma ya utabibu anaishia kuangalia mabega ya wenzake mwezi mzima na logbuku inasainiwa tu kwa huruma. Huku yeye ndo anayehesabu, ndo anayeshona kidonda cha bodaboda jioni, ndo anayeingia leba usiku na mkunga. Wale masta wa huku wanakaba, mganga mfawidhi akikuta umechelewa zamu anakurudisha getini, kuna mzazi alilalamika eti mwanae ananyanyaswa, mi nasema bora anyanyaswe sasa hivi kuliko aje atukosee sisi mbele ya safari.

Utaratibu wake siyo wa kwenda kumbembeleza mtu pale kituoni, barua inatoka chuoni inaenda kwa mganga mkuu wa wilaya, yeye ndo anapanga nani aende wapi, kwahiyo mwambieni kijana awahi kuomba chuo kimuandikie huku mapema. Hosteli hamna. Wanapanga vyumba vijijini, wawili watatu, wanapika wenyewe, na maji ya kuchota. Wa kike wahakikishe chumba kiko karibu maana zamu ya usiku inaisha saa ambayo njia haina mtu.

Na kwa wale ambao mtoto ndo kwanza kamaliza form four na mnaulizana, utabibu ngazi ya diploma ni miaka mitatu, wanataka pasi nne kuanzia D na lazima Kemia, Biolojia na Fizikia ziwemo, somo la dini halihesabiki. Kabla hujatoa hela ya ada angalia kama chuo kimesajiliwa NACTVET, lile baraza la serikali la vyuo vya ufundi, na hiyo kozi yenyewe imesajiliwa, siyo chuo tu. Vyuo vya uchochoroni vipo na mabango yao makubwa.

Turudi kituoni. Kliniki ya mama na mtoto ndo sehemu bora kuliko zote pale, nesi wa pale ni mama mtu mzima, anaongea kwa sauti kubwa utadhani anagomba, ila kadi yako ataisoma yote. Kitu ambacho akina mama wageni wanakasirikia ni kuambiwa rudi siku fulani kwa ajili ya chanjo ya BCG (ile ya kifua kikuu) au surua. Jamani wasikilizeni, ile chupa ina dozi nyingi na ikishachanganywa inatakiwa itupwe ndani ya masaa sita, sasa ukifunguliwa wewe peke yako na mwanao zingine zote zinamwagwa, kwahiyo wanakusanya watoto siku moja. Penta, ile sindano moja ya magonjwa matano, na zile zingine za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne siku yoyote ya kliniki unapata. Na ile ya surua siyo miezi tisa tu basi, kuna ya pili mwezi wa kumi na nane, hapo ndo wengi huku wanapotelea, mtoto akishaanza kukimbia mama haonekani tena.

Kujifungua, leba safi, mapazia yapo, na wakunga wana lugha nzuri ukilinganisha na zamani. Ila msije mkadanganyika na lile jengo la upasuaji. Jengo lipo, kitanda kipo, taa kubwa ya juu ipo, mtaalamu wa usingizi hamna. Muuguzi mmoja wamempeleka kusomea usingizi na mfawidhi anasema akirudi wataanza, sawa tunasubiri, lakini kwa sasa mama akihitaji kisu ni rufaa. Hapo shikeni namba 115, ya m-mama, ule usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, bure, unapiga wanatafuta gari, na ambulensi ikiwa mbali wanamtuma dereva wa kijijini waliyekubaliana naye na wanamlipa wao. Jirani yangu alichukuliwa na dereva wa noah anayebeba abiria wa mnadani, kafika hospitali ya wilaya salama na hakutoa hata mia. Mabango ya hiyo namba yapo ukutani lakini yamewekwa ndani ya leba, sasa mtu aliye nyumbani na uchungu atayasoma saa ngapi? Wayabandike kwa mwenyekiti wa kijiji na dukani.

Haya, dirisha la dawa. Hapa ndo nyota zinapungua. Panadol ipo, dawa mseto ipo, za watoto nyingi zipo, ila za presha na sukari unaweza kwenda mara ukapewa za wiki mbili badala ya mwezi, au ukaandikiwa ukanunue nje. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wana dirisha lao limeandikwa kabisa "Mzee kwanza", wanapita mbele, wanahudumiwa bure kama hawana uwezo, afu mwisho wa safari mzee anapewa karatasi aende famasi, na famasi haina mzee kwanza. Mi nimeuliza nikaambiwa MSD, bohari ya dawa ya serikali, imekosa. Sawa, lakini MSD ikikosa si kuna utaratibu wa mshitiri, ule wa Jazia, kituo kinaagiza kwa yule muuzaji aliyeteuliwa wa mkoa? Kijana wa dirishani akasema hiyo inataka hela iwepo kwenye akaunti ya kituo. Hapo kidogo nikamuelewa, maana watoto chini ya miaka mitano bure, wajawazito bure, wazee bure, na hao ndo foleni yote ya asubuhi, hela itatoka wapi.

Sisi tulikuwa tunakata CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, elfu thelathini kwa kaya ya watu sita mwaka mzima, kwa hela hiyo huwezi kulalamika sana. Sasa na hii sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023 mambo yanabadilika, kwahiyo msije mkachukua hiyo bei kutoka kwangu, kaulizeni kwa afisa pale pale mapokezi kabla hamjalipa.

Nilisema nusu ya watu hawana mshahara. Mabinti na vijana mnaowaona jioni pale OPD (wagonjwa wa nje) na maabara wengi ni wa kujitolea, wameshamaliza chuo, leseni wanazo, wanasubiri ajira za TAMISEMI zitoke, zikitoka wanaomba, wengi wanakosa, wanarudi zamu. Kituo kinawapa posho kutoka kwenye makusanyo, makusanyo yakishuka posho inachelewa. Yule wa maabara wa jioni, kijana mpole hivi, akisafiri kwenda kwao maabara inafungwa saa tisa na nusu, ndo ujue kituo cha watu wote hawa kimeshikwa na mtu ambaye hayumo hata kwenye orodha ya mishahara. Mtu wa hivyo ukimkuta kanuna msalimie tu.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni habari nyingine. Ule mpango uliozinduliwa Januari 2024, wa kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano, wa kwetu wameshasoma ile miezi sita na wanapita nyumba kwa nyumba. Kaka wa kitongoji chetu anajua kila mjamzito na kila mtoto aliyeruka chanjo, mpaka anakera, alinifuata shambani kuniuliza choo changu kina mfuniko au hakina. Kinao. Ila kwa mama aliyejifungua karibuni au mzee wa kifua kikuu anayemeza dawa nyumbani, yule kaka ana faida kubwa, mchukueni namba yake mkifika tu.

Usafi wa wadi mzuri, choo cha nje cha wagonjwa kibaya. Maji hamna bombani, ndoo tupu, na sanduku la maoni lipo hapo hapo pembeni lina kufuli lenye kutu, sijui linafunguliwaga na nani. Mi nimeacha kuandika vikaratasi. Kila kituo kina kamati ya usimamizi, ndani yake kuna wananchi wa kawaida, na tangu hela zianze kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo hao ndo wanaopitisha matumizi, kwahiyo mwenye shida na choo amtafute mjumbe wake. Wa kwetu anauza mkaa njia panda, nimeshamfuata, kaniambia wameshapitisha tenki na fundi ameshalipwa nusu.

Natoa nyota nne. Tenki likifungwa na yule nesi wa usingizi akirudi nitakuja kubadilisha.