Dell OptiPlex 7010 ya mtumba: sanduku la kujifunzia ufundi

Kwa mwanafunzi anayependa kufungua kompyuta aone kilichomo, sijapata mashine ya mtumba inayoizidi Dell OptiPlex 7010 kwa bei yake. Ninayo geto, Malimbe, hapa Mwanza, tangu mwaka wa kwanza, na nimeshazifungua za wenzangu na za steshenari kadhaa za Nyegezi, maana kwenye meza za kuchapa na kutoa kopi hizi zimejaa.

Kwanza tuelewane ni ipi, kwa sababu Dell wana 7010 mbili. Ya kwanza ni ya mwaka 2012, yenye prosesa za Intel kizazi cha tatu. Mwaka 2023 wakatoa nyingine kwa jina hilohilo, ya kizazi cha 13. Ninayoizungumzia ni ile ya zamani. Kwa hiyo ukikuta tangazo limeandikwa "OptiPlex 7010" na picha moja ya mbele, uliza kizazi na aina ya ramu kabla hujatuma hela. Yangu ni umbo dogo, lile linaloitwa SFF, ina prosesa ya Core i5-3470, na ilikuja na ramu ya GB 4 na hadi diski ya GB 500. Niliilipia shilingi 230,000 bila monita, nikaipakata kwenye daladala kutoka mjini hadi Nyegezi. Ni nzito, kilo sita hivi, lakini ukiisimamisha upana wake ni sentimita tisa tu na ushee. Inaingia kati ya kitanda na ukuta.

Kilichonifanya niipende ni jinsi inavyofunguka. Unavuta kitasa, mfuniko unanyanyuka mzima, huhitaji bisibisi. Ndani, sehemu za kushika kwa mkono ni za bluu, kwa hiyo hata mtu ambaye hajawahi kuona ubao wa kompyuta anajua pa kugusa. Hadi diski imekaa kwenye kishikio cha plastiki ya bluu: unabana masikio yake mawili kwa vidole, inatoka. Bisibisi utaishika ukifika kwenye kipoozeo cha prosesa. Mwenzangu wa chumba, ambaye anasomea ualimu na hana habari na mambo haya, nilimwachia atoe diski na kuirudisha mwenyewe, akafanya bila kuniuliza kitu.

Cha kwanza kubadilisha ni hadi diski. Weka SSD, yaani diski ya kielektroniki, kabla hujafikiria kingine chochote. Ya zamani ina sahani inayozunguka na kichwa kinachohama huku na huku kutafuta faili, na Windows inapowaka inataka maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika, ndiyo maana unasikia ule mkwaruzo huku skrini imeganda. SSD haina kinachozunguka. Yangu ilikuwa inachukua zaidi ya dakika mbili mpaka uweze kufungua Word. Sasa naibonyeza, nageuka kumimina chai, nikirudi imeshasimama. Nunua ya SATA (ndilo jina la njia inayounganisha diski na ubao), ile bapa ya inchi 2.5, na uichomeke kwenye tundu lililoandikwa SATA0. Zile nyembamba za NVMe ziache, hii haina tundu lake. Tena usiumize kichwa na SSD za bei kubwa, kwa sababu njia ya SATA yenyewe inaishia kama megabaiti 550 kwa sekunde.

Ramu ni DDR3, nafasi nne, na inapokea hadi GB 32. Kwa kazi za chuo GB 8 zinatosha kabisa. Hapa pana mtego: kuna ramu za seva zinazouzwa bei ya kutupa, nazo ni DDR3 na zinaingia kwenye tundu vizuri tu, lakini mashine haiwaki nazo. Soma lebo yake. Ukiona herufi R baada ya namba ya kasi, mfano PC3-12800R, mrudishie muuzaji. Inayotakiwa inaishia na U.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike, nacho ni namna mashine hii inavyojieleza ikiumwa. Kitufe cha kuwashia kina taa. Mambo yakiwa shwari inawaka nyeupe. Kukiwa na hitilafu inapepesa rangi ya kaharabu kwa mpangilio maalumu: mara kadhaa, inatulia, kisha mara kadhaa tena. Mbili kisha tatu maana yake tatizo liko kwenye ubao mama, ramu au prosesa. Mbili kisha nne, betri ndogo ya ubaoni imekwisha. Na nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme, pana kitufe kidogo cha kupima pawa saplai. Chomeka waya, kibonyeze, kitaa cha kijani kikiwaka ujue pawa yenyewe ni nzima.

Mama mmoja mwenye steshenari nisiyopita bila kumwamkia aliniita nikiwa natoka kipindini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo, hii mashine imenifia, na watoto wamejaa na ripoti zao za fildi. Fundi kaja asubuhi, kasema ubao umeungua, anataka laki na ishirini."

Nilibonyeza kitufe cha nyuma, kijani. Nikawasha, taa ikapepesa mbili, tatu. Basi pawa tumeshaitoa kwenye orodha, imebaki kutenganisha ramu na ubao, na hiyo haigharimu kitu. Nilipofungua, sakafu ya sanduku ilikuwa imefunikwa na wadudu wa ziwani. Wanaokaa huku kwetu ufukweni wanawajua: wanapanda kutoka ziwani kama moshi mweusi, jioni wanafuata taa, na feni ya kompyuta inawavuta ndani pamoja na vumbi. Wakikauka wanakuwa unga unaoshika mafuta, unaziba mapezi ya kipoozeo na kuingia hadi kwenye matundu ya ramu. Nilizichomoa ramu zote mbili, nikasugua meno yao ya dhahabu kwa ufutio mweupe wa penseli mpaka yakang'aa, nikafuta mabaki kwa kitambaa kikavu, nikapuliza matundu kwa brashi laini na pampu ya mkono. Nikarudisha moja peke yake, ikawaka. Nikaongeza ya pili, ikawaka pia. Ubao ulikuwa mzima muda wote.

Simlaumu mtu kwa kukosea, ila kumtajia mama bei ya ubao kabla hata ya kuchomoa ramu kunaniuma mpaka leo. Zile siku za ripoti ndizo anazopatia kodi ya fremu. Mashine imeandika tatizo lake usoni, kwa taa, na mtu yeyote mwenye subira ya kuhesabu anaweza kulisoma. Ndiyo maana nawashauri wenye steshenari waijue ile mipepeso kabla hawajaita fundi.

Betri nayo ina hadithi yake. Ni ile ya duara, CR2032, volti 3, inayoshikilia tarehe na mipangilio mashine ikiwa imezimwa. Hizi mashine zina zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo nyingi zimekuja na betri mfu. Dalili inawapotosha wengi: mashine inawaka vizuri, lakini kila tovuti inagoma kufunguka na onyo kwamba muunganisho si salama. Mtu anaongeza bando, anabadilisha laini, anahamisha simu dirishani. Angalia saa pale kwenye kona ya skrini. Kama imerudi miaka nyuma, kivinjari kinaona vyeti vya tovuti havijaanza hata kutumika, kwa hiyo kinavikataa. Betri mpya ni hela ya soda.

Kuhusu umeme, kumbuka hii si laptopu. Ukikatika, kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda. Kama huna UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kwa kubonyeza F2 inapowaka, tafuta AC Recovery, iache kwenye Power Off, ili umeme ukirudi na zile kurukaruka zake mashine ibaki imezima mpaka uiwashe mwenyewe.

Mapungufu yapo. Kwa matundu ya monita, haina HDMI, ina VGA moja na DisplayPort mbili, kwa hiyo ukitaka kutumia televisheni kama monita panga na hela ya adapta. Pawa ya SFF ni wati 240 na haina waya wa ziada wa kadi ya michezo, na kadi yenyewe lazima iwe fupi, kama GT 1030. Wapenda michezo mizito watafute sanduku kubwa.

Na Windows. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane na TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama, vitu ambavyo hii haina. Yangu nimeiwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, inakwenda vizuri sana, na LibreOffice, programu yake ya kuandikia na kupigia hesabu, inatosha kwa insha na mahesabu yangu. Lakini kwa steshenari nasita kidogo: hati ya Word ya mteja yenye majedwali mengi inaweza kuhama mistari ikifunguliwa humo, na mteja hatakuelewa. Anayechapa za watu amwombe mteja alete na PDF.

Ukienda kununua mjini, omba iwashwe mbele yako na ubonyeze F2. Nyingi zilikuwa za maofisi, nyingine zimefungwa nywila ya BIOS. Nywila hiyo inatolewa kwa kuchomoa kijumpa, kile kiplagi kidogo kilichoandikwa PSWD ubaoni, kwa hiyo isikukimbize, itumie kupunguzia bei. Kisha omba mfuniko ufunguliwe, angalia vumbi, hesabu ramu, soma lebo zake. Ni kitasa kimoja tu, sekunde tano. Muuzaji akikataa kukuvutia hicho kitasa, nenda duka la pili.